Mguu Uliopelekwa Kliniki ya Watoto

Pale Rujewa, ukiuliza nani anajua kuchoma sindano, utaonyeshwa nyumba ya Veronika Nkuba kabla hujamaliza swali. Afisa mifugo yupo, tena mtu mzuri, lakini ana pikipiki moja na vijiji chungu nzima, na ng'ombe akishaanza kukoroma hasubiri pikipiki. Hapo ndipo watu wanapokimbilia kwa Veronika. Mama wa miaka hamsini na nne, mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyebeba ndoo tangu utotoni. Anamshika ndama sikio, anamnong'oneza kitu cha Kisukuma ambacho hajawahi kumwambia mtu yeyote, na kabla ndama hajaamua kama apige teke au akimbie, sindano imeshaingia na kutoka. Wanamwita Daktari Vero. Yeye hujifanya hapendi jina hilo, na kujifanya kwenyewe hakuwezi.

Chini ya kitanda chake lipo sanduku la bati lenye mabomba ya sindano, dawa za minyoo, chanjo ya kuku, na ile dawa nyeupe ya ng'ombe inayotikiswa chupani kabla ya kuvutwa, ambayo wafugaji wanaiita penstrepi. Jipu, kidonda, kwato zilizooza, mapafu, penstrepi inaingia kote. Na ole wako umwambie umemchoma mnyama wako siku mbili ukaacha kwa sababu ameanza kula. Atakugombeza mpaka ng'ombe akuonee huruma. "Dozi ni siku tano," atakwambia. "Ukichoma mbili umemfundisha mdudu njia ya kukwepa."

Lakini usidhani sindano ndizo zilizokuwa roho yake. Roho yake ilikuwa jaruba la mpunga. Kuanzia Desemba mpaka Februari, maji yakishafunguliwa, Veronika alikuwa anaongoza kundi la wanawake kumi na sita wa kupandikiza, yeye mwenyewe akiwemo. Kazi hiyo ukiiona kutoka barabarani utaiita nyepesi, na utakuwa hujui usemalo. Unaingia kwenye tope linalofika chini ya magoti, mgongo umeinama, fungu la miche mkono wa kushoto, na unarudi kinyumenyume huku ukichomeka, mstari unyooke kama uzi, masaa sita, na wakati wote huo unatakiwa uchangie umbea. Baba yake alimleta Usangu akiwa na miaka tisa, nyuma ya ng'ombe wao, kutoka upande wa Shinyanga, na siku ya kwanza alipoingia kwenye tope la Rujewa alikataa kutoka mpaka mama yake akamfuata na fimbo. "Ng'ombe ni wa Makoye," alizoea kusema, Makoye akiwa ndiye mume wake. "Lakini jaruba ni langu."

Ugonjwa nao ukaenda kukaa palepale alipokuwa akikanyagia tope lake. Lilianza doa jeusi chini ya unyayo wa kushoto. Akasema ni sugu. Alikuwa akilichonga kwa wembe kila Jumapili baada ya misa, mwaka mzima, na hapa hata mimi ninayesimulia huwa nakasirika, kwa sababu mtu huyohuyo kuku wake akikohoa mara moja anamtenga. Doa likawa kidonda, kidonda kikakataa kupona, na Makoye, ambaye ni mtu mpole kupita kiasi, siku moja alileta bodaboda mbili mlangoni na kusema hatazilipa zirudi tupu. Wakaenda mpaka Igawa, wakapanda basi, wakafika Mbeya.

Daktari aliyempokea alikuwa binti wa Kinyakyusa, Daktari Tumpe, mrefu, mwenye sauti ndogo. Akakata kipande, wakakipima, akamwambia Veronika bila kuzunguka kwamba ni saratani ya ngozi.

Veronika akabisha. Saratani ya ngozi, alisema, anaijua, inawapata ndugu zetu wenye ualbino kwa sababu ya jua. "Sasa daktari, jua limeuona wapi unyayo wangu?"

"Hii aina haina habari na jua, mama," alisema Daktari Tumpe. "Sisi weusi inatufuata chini ya miguu."

Wakaikata. Wakachukua ngozi ya paja wakashona kiraka pale unyayoni, na Veronika akarudi nyumbani akitembea kwa fimbo na kuwaonyesha majirani kwamba sasa anakanyagia paja. Walicheka miezi mitatu. Mwezi wa nne, akiwa anaoga, akapapasa muundi wa mguu uleule akakuta vitu vidogo vigumu chini ya ngozi, vyeusi, kama mbegu za papai. Akavihesabu vikawa saba. Akavihesabu tena akitumaini amekosea, vikawa saba. Siku hiyo hakucheka na mtu.

Daktari Tumpe alivipapasa, kisha akavuta kiti. Alisema saratani imeanza kupanda mguuni, lakini vipimo vingine vinaonyesha haijafika tumboni wala mapafuni. Njia ya kwanza ni kukata mguu juu ya goti. Njia ya pili ni ya zamani, si kila mtu inamkubali, na yeye asingethubutu kuisema kama vinundu visingekuwa vidogo na vya juujuu hivi.

"Ipi?" aliuliza Veronika.

"Chanjo ya kifua kikuu. Ile ya watoto wachanga, ya begani. Tunaichoma ndani ya kinundu chenyewe."

Veronika alimtazama kuona kama anatania. Daktari akaeleza kwamba saratani imejificha mwilini kama mtu wa nyumbani, ndiyo maana mwili haupigani nayo. Ile chanjo ni vijidudu vya kifua kikuu vilivyolegezwa nguvu. Vikiingia pale, mwili unashtuka, unapiga yowe, unatuma askari wake, na askari wakifika wanamkuta na yule mwingine.

"Kama mbwa," alisema Veronika polepole. "Wanatoka kumfukuza fisi, wanamkuta na mwizi amejibanza zizini."

"Hasa. Ila mbwa wengine hawaamki, mama. Ikifika mwisho wa Agosti hawajaamka, tutaukata, maana baada ya hapo hata kukata hakutasaidia."

Veronika hakuwaza kifo kwanza. Alililia jaruba. Mguu mmoja unaweza kupika, unaweza kuchoma sindano umekaa kwenye kigoda, hata kanisani unafika. Kwenye tope mguu mmoja ni mti uliochomekwa. Akasema achomwe hata leo.

Leo haikuwezekana. Walimpima kwanza damu na kifua, maana kuna watu chanjo hiyo haiwafai, na madaktari wakubwa wakakaa kikao wakakubali. Halafu kuna hili la kichupa. Kichupa kimoja cha chanjo ile kinatosha watoto ishirini, na kikishachanganywa maji lazima kiishe ndani ya saa sita, la sivyo kinamwagwa. Kwa hiyo kliniki ya watoto hukifungua siku maalumu, wachanga wakishajaa. Na mguu wa Veronika, kama unataka chanjo, lazima upange foleni na wachanga.

Basi Jumatano moja ya Julai, baridi ya Mbeya inauma masikio, Veronika alikaa kwenye benchi katikati ya akina mama ishirini na kitu, kila mmoja na furushi lake. Kushoto mtoto analia, kulia mtoto ananyonya, yeye katikati amefunga mguu kwa kitenge.

"Shikamoo bibi," alisema binti wa pembeni yake. "Mjukuu yuko wapi?"

"Marahaba. Sina mjukuu hapa. Nimekuja kuchanjwa."

"Chanjo gani?"

"Hiyohiyo yenu."

Binti akamtazama kuanzia kilemba mpaka kandambili. "Bibi," alisema kwa huruma kabisa, "umechelewa sana."

Benchi zima likaangua kicheko, na Veronika, ambaye alikuwa hajacheka tangu siku ya zile mbegu za papai, akacheka mpaka akashika mbavu. Akafungua kitenge, akauweka mguu mbele. "Mwanangu huyu hapa," alisema. "Msimwone kimya, huyu ni mtundu." Kuanzia hapo akawa mmoja wao. Nesi wa kliniki, Devotha, Mhehe wa Iringa ambaye tangu aanze kazi hakuna aliyewahi kuyaona meno yake, hakuwa na fomu inayofaa kwa jambo kama hilo, akachukua kadi ya kliniki ya mtoto. Jina la mama, Veronika Nkuba. Jina la mtoto, Mguu wa Kushoto. Aliandika hivyo bila hata kutabasamu, akagonga muhuri, akamwita Daktari Tumpe aje kuchoma kwenye chumba cha pili.

Mara ya kwanza, kinundu kilipiga wekundu kidogo. Mara ya pili, wiki mbili baadaye, wekundu ukaongezeka. Akina mama walishamzoea. "Mpisheni mama Mguu," walisema, "mtoto wake mkubwa, anachoka kubebwa." Mara ya tatu akachomwa vinundu vinne kwa pamoja, akarudi Rujewa, na siku ya pili yake mguu ukawaka. Ukavimba, ukawa wa moto, vinundu vikapasuka usaha, na Veronika mwenyewe akatetemeka kwa homa chini ya blanketi mbili saa nane mchana.

Walikuwa wamemwambia. Daktari Tumpe alimwambia kwamba utavimba, utapata homa, ukizidi nipigie simu. Lakini hebu fikiria. Huyu ni mwanamke ambaye kwa miaka thelathini akiona uvimbe wenye usaha mikono yake inanyooka yenyewe chini ya kitanda. Akavuta sanduku, akatikisa chupa. Akapiga hesabu kwamba yeye ni sawa na ndama wa miezi minne mwenye afya. Makoye alisimama mlangoni akauliza kama daktari ameruhusu. Akajibiwa kwamba daktari yuko hapa anatikisa chupa. Akajichoma pajani siku tano mfululizo, hakuruka hata moja, kwa sababu angewezaje kuruka dozi yeye, wa kuwagombeza wenzake?

Mguu ukanywea, usaha ukakauka. Veronika akazunguka kijiji akionyesha kazi yake, na hakuna aliyesema kitu, isipokuwa Makoye aliyesema hm.

Mara ya nne Daktari Tumpe aliukuta mguu umepoa kabisa. Akavipapasa vile vinundu, vyote saba vipo, vigumu, vimetulia, na cha nane kimeota juu kidogo. Sauti yake ndogo ikawa ndogo zaidi. "Tulitegemea ungechemka, mama. Haukuchemka?"

Hapo ndipo angesema. Hakusema. Mbele ya daktari msomi, kusema kwamba amejipiga sindano ya ng'ombe? Yeye, Daktari Vero? "Ulichemka kidogo," alisema, "ukapoa wenyewe." Daktari akatikisa kichwa, akaandika, akampa karatasi ya kukubali kukatwa. Mbwa hawakuamka. Veronika akasaini, akapangiwa Alhamisi ya wiki iliyofuata, alale wodini kuanzia Jumatano.

Jumatano hiyo alifika mapema na Makoye akiwa amebeba blanketi na beseni. Wodini waliambiwa wasubiri kitanda. Miguu yake, yote miwili, ukiwemo wa kukatwa kesho, ikampeleka yenyewe mpaka kwenye benchi la kliniki, kwa sababu pale ndipo alipozoea kukaa. Akina mama wengine walikuwa wapya. Devotha alikuwa amesimama mbele akitoa somo la asubuhi.

"Pale begani patavimba," alikuwa anasema. "Baadaye patatoa usaha. Mama, usikamue. Usipake kitu. Usikimbilie duka la dawa kuomba dawa ya jipu umpe mtoto. Ule usaha ndio chanjo inafanya kazi. Ukiuzima umeizima chanjo, na mimi hapa nitadhani haikumshika kumbe wewe ndiye uliyeizima."

Veronika aliutazama mguu wake. Akamgeukia Makoye. Makoye alikuwa tayari anamtazama.

"Mama Boni," alisema kwa sauti ya chini, maana mtoto wao wa kwanza ni Boniface, "sema wewe, au niseme mimi."

"Nyamaza kidogo. Nafikiri."

"Unafikiria nini, mguu au jina?"

Makoye, miaka thelathini na mbili ya ndoa, hakuwahi kumwambia mke wake neno kali kama hilo, na alilisema akiwa ameshikilia beseni. Veronika alimchukia kwa muda wa kuvuta pumzi mara tatu. Kisha akasimama, palepale, mbele ya benchi zima.

"Sista Devotha. Mguu wangu ulichemka. Ulitoa usaha. Nikauchoma penstrepi."

"Penstrepi ipi?"

"Ya ng'ombe."

"Kiasi gani?" aliuliza Devotha.

"Cha ndama wa miezi minne."

"Siku ngapi?"

"Tano," alisema Veronika, na kidevu chake, Mungu amsamehe, kikainuka. "Nilimaliza dozi."

Kitu kikaanza kumtikisa Devotha mabegani. Alijitahidi. Alitazama dari, akatazama kadi, akashika mzani wa kupimia watoto asianguke, na meno yake yote yakatoka hadharani, akina mama nao wakafuata, na binti mmoja akamwangushia mwenzake chupa ya uji. Veronika alisimama katikati ya kicheko kile, aibu imemjaa mpaka masikioni, na ghafla akahisi kitu cha ajabu, kwamba amekuwa mwepesi.

Daktari Tumpe, alipoitwa, hakucheka. Alikaa akamsikiliza mpaka mwisho. "Ndani ya penstrepi," alisema, "kuna dawa ambayo zamani ndiyo iliyokuwa ikiwatibu watu wa kifua kikuu. Mimi naingiza vijidudu vya kifua kikuu, mama, wewe unavifuata nyuma na bunduki. Ungenyamaza mpaka kesho saa mbili, tungekata mguu ambao haujajaribiwa."

"Kwa hiyo," alisema Veronika baada ya kutafakari, "dawa yangu ilifanya kazi vizuri."

Hapo Daktari Tumpe akaweka kalamu chini, akalaza paji la uso mezani, akacheka mpaka machozi yakalowesha karatasi ya upasuaji. Kisha akaifuta ile tarehe kwa mstari mmoja. Alipiga picha tena za kifua na tumbo, kukawa bado kweupe. Akasema anampa mpaka mwisho wa Novemba, hamwahidi kitu, na hilo sanduku litoke chini ya kitanda.

Sanduku likahamia chumba cha Makoye cha mbolea, likafungwa kufuli. Baada ya wiki kadhaa dawa ya ng'ombe ilipokwisha mwilini, mguu ukarudi kwenye benchi ukachomwa upya. Mara mbili. Siku mbili baada ya ile ya pili, ukawaka kuliko mwanzo. Safari hii Veronika alikaa uani juani anatetemeka meno yakigongana, na kila aliyepita alimwita aje auone. "Unachemka," alisema. "Njoo uone unavyochemka." Majirani wakadhani homa imepanda kichwani.

Aliyeshindwa ni Makoye. Aliuvumilia mchana mmoja. Alipoona usaha unatiririka na mke wake anacheka peke yake, mtu mpole yule alitoka na ufunguo. Veronika akamwona anaelekea chumba cha mbolea. Alifika kabla yake, kwa mguu mmoja na fimbo, akalikalia lile sanduku.

"Toka, Mama Boni. Utakufa."

"Sitoki."

"Siku mbili tu, tukupunguzie."

"Siku mbili unamfundisha mdudu," alisema, na akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, na Makoye akakaa chini kwenye mifuko ya mbolea akalia naye. Walikaa hivyo mpaka jua likageuka. Kisha Makoye akampigia simu Daktari Tumpe, ambaye aliuliza homa ni ngapi, akasema ameze panadoli, anywe maji mengi, na mtu yeyote asiguse chupa nyeupe.

Vinundu vilidondoka kimoja kimoja. Vilipiga gamba, gamba likatoka, chini yake pakabaki kovu jeupe. Cha nane, ambacho hakikuwahi kuchomwa, nacho kilinywea chenyewe, na hilo lilimfanya Daktari Tumpe awaite wenzake watatu waje kupapasa. Walikata kipande pale palipokuwa na kinundu kikubwa, wakakipeleka kupimwa. Jibu lilirudi siku ya mwisho ya Novemba. Hapakuwa na seli ya saratani.

"Sijasema umepona," alisema Daktari Tumpe. "Utakuja kila baada ya miezi mitatu, miaka mitano. Inaweza kurudi. Lakini mguu unabaki."

Veronika akauliza kama unaweza kuingia kwenye tope. Daktari akafikiri, akasema kwa mabuti ya mpira, na kiraka kifungwe vizuri, na asizidishe.

Mwaka huo maji yalichelewa, yakafunguliwa mapema Januari. Wanawake walikuwa wameshapanga mstari alipotokea kwenye tuta na mabuti ya Makoye yaliyomzidi vipimo viwili, gauni amelipachika kiunoni. Hakuna aliyemsalimia kwa maneno mengi, walisogea tu wakampa nafasi. Akaweka mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Tope likaingia ndani ya buti, baridi, likamjaa kati ya vidole vya pande zote mbili.

Akainama. Akachomeka mche wa kwanza, akarudi nyuma hatua moja, akachomeka wa pili. Buti lilikwama akalivuta, likakwama tena. Wenzake walimpita wa kushoto, wakampita wa kulia, wakafika kwenye tuta la mbali, wakaosha mikono, wakakaa. Katika miaka ishirini ya kazi ile hakuwahi kufika wa mwisho. Alibaki peke yake katikati ya jaruba, anarudi kinyumenyume, mgongo unamuuma vizuri kabisa. Kisigino chake kilipogonga tuta, wanawake kumi na watano wakapiga vigelegele vilivyorusha ndege wote wa Usangu.

Veronika akanyoosha mgongo, uso wote matope, akawatazama mmoja mmoja.

"Mnashangilia nini," alisema, "na jaruba la pili halijaguswa? Nani kaleta miche?"